Nozeli za Mafuta: Kuzibadili Mwenyewe Uani au Kumwachia Fundi?

Mwenye Toyota IST ambayo injini yake imeanza kukosa mapigo, au kumisi kama tunavyosema mitaani, hupata ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia anunue nozeli nne za mtumba kutoka Japani, yaani vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya injini, aongeze oringi mpya, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, na kazi aifanye mwenyewe uani siku ya Jumamosi. Wapo pia wanaomwonya kwamba mfumo wa mafuta si mahali pa kujifunzia ufundi. Kila upande una ukweli wake, ila wote huzungumza kana kwamba nozeli za magari yote ni za aina moja.

Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika IST nyingi za barabarani kwetu, hupuliza petroli kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kupitishia hewa kwenda injini, nje ya valvu, kwa presha ya takriban baa 3, ambayo haijapishana mbali na upepo wa tairi. Kazi yenyewe haina siri: unakata umeme wa pampu ya mafuta, unawasha injini hadi izimike yenyewe ili presha ishuke, unachomoa waya hasi wa betri, unafungua bolti za reli, yaani bomba linalogawa mafuta kwa nozeli, na nozeli zinatoka kwa kuvutwa kwa mkono. Hatari kubwa ni petroli inayobaki kwenye reli na kumwagika, hivyo injini iwe imepoa na jiko la mkaa liwe mbali. Oringi za zamani zisirudishwe hata zikionekana nzima, na kabla ya kuwasha injini funguo iwashwe tu, pampu ijaze reli, kisha mtu amulike kwa tochi kutafuta uvujaji.

Wanaotetea kazi ya nyumbani wana hoja nyingine isiyosemwa kwa sauti, nayo ni hofu ya kubadilishiwa vifaa gerejini: nozeli nzima inatoka, chakavu inaingia, na mwenye gari amekaa kibandani anakunywa chai. Sidai kwamba mafundi wengi wako hivyo, lakini hofu hiyo haikuzuka bure.

Hata hivyo, ninachoona kikiwagharimu watu wa uani zaidi ya kitu kingine ni kufungua kabla ya kujua ugonjwa. Mashine ya kupimia inapoonyesha namba ya kosa P0302, inasema tu kwamba silinda ya pili inakosa mapigo. Haijasema kwamba nozeli ndiyo mbovu. Mara nyingi kosa huwa kwenye plagi au koili inayoipa plagi umeme, na njia rahisi ya kujua ni kuhamishia plagi na koili ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine, moja baada ya nyingine, na kuangalia kama kosa linahama nayo. Nozeli ifuate baadaye, kwa utaratibu huohuo. Kupima ukinzani wake kwa mita husaidia kidogo tu, kwa kuwa nozeli ambayo waya zake za ndani ni nzima inaweza bado kumwaga matone badala ya ukungu, na hilo huonekana vizuri kwenye benchi ya majaribio, ambapo mafuta ya kila nozeli hupimwa katika bomba la kioo. Kwa sababu hiyo, kwa gari la namna hii mimi ningezitoa mwenyewe, nikazipeleka zikasafishwe na kupimwa, kisha nikazirudisha mwenyewe, kuliko kununua za mtumba ambazo hakuna aliyezipima.

Kwa dizeli, upande wa pili una haki karibu yote. Katika injini ya dizeli ya 1KD-FTV ya Prado na Hiace, presha ya reli hupita baa 1,000, na ukungu wa mafuta unaovuja kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuacha kidoa kidogo kama cha sindano, ilhali ndani mkono unaharibika na huhitaji upasuaji wa haraka. Nozeli zake zina namba za urekebishaji zinazopaswa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Zaidi ya hayo, washa za shaba, yaani pete bapa za kuziba zilizo chini yake, zikivuja, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la pampu ya oili, na injini nzima hufa kwa kukosa ulainishaji.

Pande zote mbili husahau mafuta yenyewe. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikatoza mafuta ya taa kodi ya shilingi 18 kwa lita, yote hayo kupambana na uchakachuaji, kama wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, kwa hiyo nozeli mpya inayorudishiwa mafuta yaleyale haitadumu, awe ameifunga fundi au mwenye gari. Mwenye Prado basi aiache spana, lakini asiiache kazi: aombe kuonyeshwa washa za zamani zilizotolewa, namba zilizoingizwa kwenye kompyuta, na chujio jipya la dizeli kabla halijafungwa.