Kabla ya kuutaka mtihani wa uraia, tumtazame mzee wa Kyela

Tangu Marekani iufanye mgumu zaidi mtihani wake wa uraia mwaka 2025, hoja moja inarudi mara kwa mara hapa Mbeya, hasa kwa vijana wanaokwenda na kurudi Tunduma kibiashara: na sisi tuwe na wetu. Mgeni anayeomba uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na si wa kuzaliwa, aketishwe, aulizwe historia ya nchi, maana ya rangi za bendera, tarehe ya Muungano. Akijua, karibu. Asipojua, akasome kwanza. Hoja hii ina uzito wake.

Wenzetu wanavyofanya ni hivi. Marekani, aliyeomba kuanzia Oktoba 20, 2025 anaandaliwa maswali 128, afisa anamuuliza kwa mdomo hadi 20, naye apate 12. Kabla ya hapo yalikuwa 100, anaulizwa hadi 10, anatakiwa kupata sita. Ujerumani imekuwa na mtihani wake tangu Septemba 2008: maswali 33 ya kuchagua jibu, 17 yanatosha, na orodha nzima ya maswali 310 iko wazi kwa yeyote anayetaka kujisomea. Uingereza ni maswali 24 ndani ya dakika 45, ukipata 18 umepita. Australia ilipoanza mwaka 2007 ilitaka waombaji wajue hata habari za mchezaji kriketi wa zamani, Don Bradman. Watu walipiga kelele, na kwa haki kabisa, serikali ikaupitia upya mtihani na mambo ya namna hiyo yakaondolewa.

Tatizo langu na mitihani hii lina sura ya mtu. Kijijini kwa mama yangu, Kyela, yuko mzee aliyevuka mto Songwe kijana, akitokea upande wa Karonga, Malawi. Akaoa hapo, akalima mpunga, akapanda kakao, akazika watoto wake wawili katika udongo huo. Lugha yake ni Kingonde, ambacho na Kinyakyusa ni kama maji ya chungu kimoja; ukoo wake una watu pande zote mbili. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na mto waliouchagua kuwa alama hautulii: mafuriko yakija unahama, shamba lililokuwa ng'ambo hii linaamkia ng'ambo ile.

Mpe mzee huyu karatasi ya maswali. Kiswahili chake ni cha sokoni, kusoma hajui. Mfanyabiashara mwenye shahada, aliyekaa miaka yake nyuma ya geti jijini na asiyejua hata jina la mjumbe wake, atakariri majibu kwa wiki mbili na kupata yote. Je, nani kati yao ni Mtanzania zaidi? Mtihani utajibu kwa alama, na utakosea.

Wala hatuhitaji kusubiri mtihani ili kumkwamisha. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka saba katika kumi iliyotangulia hiyo. Awe na tabia njema. Ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Kingonde hakimo. Njia nyepesi ya ndoa imewekwa kwa mke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania, si kwa mume. Hata Marekani, pamoja na ukali wote huo, mtu wa miaka 50 aliyekaa na ukaazi wa kudumu kwa miaka 20 anaruhusiwa kuulizwa kwa lugha yake mwenyewe.

Nilikuwa nikiishia hapo, nikiamini nimeimaliza hoja ya vijana. Kisha nikaisoma sheria hadi kifungu cha 23. Kinasema Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali au kukataa ombi, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Hapo nikaelewa kitu ambacho vijana wale wanakitafuta, hata kama hawakisemi hivyo. Aliyepata 16 katika 33 kule Ujerumani anajua amekosa moja. Anarudi nyumbani, anasoma, anarudia. Aliyekataliwa kwetu anaweza kurudi nyumbani bila kujua kama kosa ni lugha, ni jirani aliyemsema vibaya, au ni faili lililopotea.

Walioishi Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi, wanaijua hali hiyo. Walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakafyeka pori la Mpanda, wakajilisha wenyewe na kuuza ziada. Serikali ilipoamua kuwapa uraia, ukaibuka mpango wa kuwahamisha kwanza kutoka kwenye makazi yale, na vyeti vikakwama kwa miaka. Vilianza kutoka mwaka 2014, kwa watu wapatao 162,000. Naliona jambo lile kuwa moja ya mambo makubwa taifa hili limewahi kufanya, na lilifanyika kwa kutazama maisha ya watu. Lakini kusubiri kule kuliwaumiza, na hakukuwa na alama waliyokosa ambayo wangeweza kuitafuta.

Kwa hiyo nasimama hivi. Maswali ya bendera na tarehe siyataki yawe lango, kwa sababu yatawapendelea waliosoma na kuwaacha waliolima. Uwazi wa mtihani nautaka sana: masharti yanayosomeka, sababu ya kukataliwa kwa maandishi, nafasi ya kuomba tena ukiwa unajua cha kurekebisha, na mazungumzo kwa lugha ambayo mzee anaweza kujieleza. Haya yote yanawezekana bila kutunga swali hata moja.

Mzee wa Kyela hajawahi kuomba. Msimu uliopita wa mavuno nilimuuliza, "Babu, kwa nini usiende tu Uhamiaji?" Aliendelea kupepeta mpunga kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, leo hapa kila mtu ananiita jirani. Nikienda wakanikatalia, nitarudi nikiwa mgeni, na sitajua nimekosa nini."