Shujaa Asiyetulia Darasani: Apewe Kipaji au Aachwe Alivyo?

Mwaka 2005 mwandishi Rick Riordan alitoa kitabu cha kwanza cha shujaa kijana Percy Jackson, kilichotokana na hadithi alizokuwa akimsimulia mwanawe mwenye ADHD (hali inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza fikira) na ugumu wa kusoma. Humo, kutotulia kwa Percy ni wepesi wa mpiganaji, na herufi zinamchanganya kwa kuwa akili yake iliumbiwa Kigiriki cha kale. Miaka saba kabla, mwandishi mwingine, Jack Gantos, alikuwa amemleta Joey Pigza, mtoto wa aina hiyohiyo asiye na nguvu zozote za ajabu: anameza ufunguo, anamjeruhi mwenzake kwa mkasi, anahamishiwa kituo maalumu kwa muda, kisha anasaidiwa na dawa.

Wanaopendelea njia ya Riordan, ya kuigeuza ADHD kuwa kipaji, wana hoja nzito. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 ambaye kutwa anaambiwa "tulia" na "ungejitahidi ungeweza" tayari ameshajihukumu kuwa mvivu au mjinga. Kitabu kinachomwambia kwamba maumbile yake si laana kinamrudishia heshima, na hata anayechukia kusoma atakimaliza. Hilo si jambo dogo.

Lakini heshima hiyo ina masharti. Je, yule asiyeokoa dunia, asiyechora vizuri wala kukimbia kuliko wenzake? Akifunga kitabu atatafuta kipaji chake, asikione, na kujiona amepungukiwa mara ya pili.

Wasiwasi, kwa maoni yangu, ndio unaoidhoofisha zaidi njia ya kipaji. Kwa watoto wengi ADHD na wasiwasi huandamana na kulishana. Mtoto anasahau kazi ya nyumbani. Kesho yake anaogopa kuulizwa. Hofu inamjaa kichwani hata maelezo ya mwalimu hayapati pa kukaa. Anasahau tena, sasa kwa aibu zaidi. Mwingine huchelewa kuanza kazi kwa kuhofia kukosea, akaitwa mzembe. Na yule anayeota mchana kimyakimya, mara nyingi msichana, hatambuliwi kabisa kwa sababu hamsumbui mtu. Mzunguko huu peke yake unatosha kubeba riwaya, hasa ikisimuliwa kwa nafsi ya kwanza, msomaji akapotea katikati ya sentensi pamoja na msimulizi. Inasikitisha kuona waandishi wakiufupisha kuwa tumbo linalomsokota kabla ya hotuba jukwaani, kisha makofi, kisha amepona.

Njia ya uhalisia, kama ya Gantos, nayo ina hatari zake. Hugeuka somo la afya: anatokea mshauri mpole, anaeleza dalili kurasa mbili, na mtoto anatambua mara moja kwamba anafundishwa. Dawa nayo, ingawa huwasaidia wengi kutulia, haimtafutii mtu marafiki, na mwandishi anayeifanya kuwa hitimisho anakwepa nusu ya habari.

Hata hivyo mimi naegemea uhalisia, ilimradi mabadiliko yasidaiwe kwa mtoto peke yake. Mwalimu atoe maagizo hatua kwa hatua, amdokezee mapema swali atakalomuuliza, amwongezee muda wa mtihani. Nataka sura ya mwisho ambayo mhusika bado anasahau daftari, ila safari hii anamwendea mwalimu na kumwambia kabla hajaulizwa. Wapo watakaosema ushindi huo ni mdogo mno kwa riwaya. Kwa mtoto ambaye muhula mzima amekuwa akijificha chooni kukwepa swali hilohilo, sioni ulio mkubwa zaidi.