Saa tisa ya London: umelipia kifurushi, umevuka mpaka, umefungiwa nje

Mwezi wa kumi nilikuwa London wiki mbili, Jumamosi saa tisa mchana nimejilaza hotelini, mvua nje, nikasema ngoja nicheki mechi ya Ligi Kuu ya England kwa kifurushi changu cha tivii cha nyumbani ambacho nimeshakilipia mwezi mzima. Duara likazunguka weee, afu likaja andishi eti huduma haipatikani eneo ulilopo. Nikamtext mdogo wangu wa Tandika, akanijibu kwa voisi ambayo nusu yake ni makelele tu, yuko kibanda umiza, kalipa jero, anaangalia mechi ileile. Na uwanja inakochezwa nilikuwa naweza kwenda kwa basi!

Hapo mtu wa kwetu anakimbilia kusema tunabaguliwa. Sa kumbe hata Muingereza mwenyewe alikuwa haioni. Wana utaratibu wao wa tangu miaka ya 1960, Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana mpaka saa 11:15 jioni mechi haziendi laivu kwenye tivii ndani ya nchi, lengo watu watoke waende uwanjani na timu ndogo za madaraja ya chini zisikose viingilio. Yani ligi ni yao, mpira ni wao, ila wa Tandika anaona na wa London haoni.

Sababu ni kwamba haki za kurusha zinauzwa nchi kwa nchi, kama nyumba ya kupanga, aliyelipia chumba cha mbele hapewi ufunguo wa chumba cha uani. Na kabla hatujatukana tuangalie na kwetu. 2021 Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania, thamani yake zaidi ya shilingi bilioni 225. Nani angetoa mzigo huo kama chaneli yoyote ya popote ingeweza kuingia sebuleni kwako na mechi hiyohiyo? Kuna timu za mikoani bila mgao ule hata nauli ya kwenda kucheza Kagera ingekuwa mtihani. Kwahiyo kufuli lenyewe silipingi, ndo linalolisha mpira wetu.

Ninachopinga ni kunifungia mimi niliyelipa. Mimi sijahamia London, nimeenda siku 14 narudi, sijamnyang'anya mwenye haki wa kule mteja hata mmoja maana nisingejiunga kwake kwa wiki mbili. Umoja wa Ulaya waliliona hili, tangu tarehe 1 Aprili 2018 sheria yao inasema ukiwa na kifurushi cha kulipia nchini kwako ukasafiri kwa muda ndani ya umoja, unaangalia vilevile kama upo nyumbani na huongezwi bei. Waingereza walivyojitoa, kuanzia 2021 wakaikosa.

Wenye makampuni watakwambia sasa tutajuaje kama huyu msafiri au kahamia kabisa akaondoka na kifurushi cha bei ya Bongo? Swali la haki kabisa, maana watu wetu wa Oman na Minnesota wangejazana humo, na mimi ningekuwa huko ningefanya hivohivo. Ila jamani, line zetu za simu tumesajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kifurushi nalipia kwa hela ya simu kwenye line hiyohiyo, ushahidi gani tena unatakiwa kwamba mi ni wa hapa? Weka kikomo cha siku 30 kwa mwaka, basi. Kenya, Uganda na Rwanda 2014 walianza kushusha gharama za kupigiana simu ukivuka mpaka, kwahiyo ikitakiwa serikali zinaweza kukaa meza moja.

Kuna wa kusema si uweke tu VPN. Ndio, inafanya mtandao uone kama upo Dar, lakini huduma nyingi siku hizi zinazijua zile seva na zinakutema, za bure nyingine zinakula taarifa zako, afu kuna sheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walitaka wanaotumia VPN watoe taarifa, na ukiwa unapita Dubai ujue sheria yao ya makosa ya mtandao ya 2021 inamtoza anayetumia kujificha ili atende kosa faini ya kuanzia dirhamu 500,000. Sijawahi kuona mechi ya bei hiyo.

Mi siku ile nikajaribu kitu kingine, nikazima waifai ya hoteli nikawasha data ya line yangu ya Bongo. Ikafunguka! Ukiwa romingi data yako mara nyingi inazungushwa kupitia mtandao wa nyumbani kwanza, kwahiyo programu inakuona upo Tanzania. Nikakaa kitako, nikaangalia dakika 11 safi kabisa, picha kama kioo, afu ikaja meseji bando limeisha. Nilikuwa nimenunua la wiki nzima. Goli la pili nimelisikia kwenye voisi ya dogo.