Mkopo wa Dola, Bili ya Shilingi

Shangazi yangu wa Tanga hulipa bili ya maji kwa simu, kwa shilingi. Hajawahi kudaiwa dola, na akidaiwa hana pa kuzitoa. Jambo hili la wazi kabisa ndilo naona wakubwa wetu wa fedha wanalisahau wakishakaa meza moja na mabenki ya London.

Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili ipunguze Eurobond, yaani deni la dola lililouzwa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokopwa mwaka 2014 na iliyotakiwa kulipwa Juni. Mwezi huohuo, mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilifungua hatifungani (hati ya mkopo inayouzwa kwa umma) ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, hapa ya maji, ya shilingi bilioni 53.12 za Tanzania, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Ikanunuliwa ikapita kiwango.

Kuna rafiki aliyeniambia Tanga wamepigwa: Kenya mwaka 2014 ilipata kwa asilimia 6.875, wao wanalipa mara mbili yake. Haya, tupige hesabu.

Mwaka 2014 dola moja ilikuwa karibu shilingi 87 za Kenya. Januari 2024 ilikuwa karibu 160. Aliyekopa dola 100 alishika shilingi 8,700 mkononi. Miaka kumi baadaye deni lilelile, riba ikiwa kando, linataka 16,000. Ukigawanya ongezeko hilo kwa mwaka ni kama asilimia 6 na ushee, na hiyo inakaa juu ya ile 6.875. Jumlisha mwenyewe: ni karibu 13, jirani kabisa na 13.5 ya Tanga. Ni kweli shilingi ya Kenya ilijikaza baadaye hadi karibu 130, ila ilijikaza baada ya mkopo mpya wa karibu asilimia 10. Dawa nayo ilinunuliwa.

Wachumi Barry Eichengreen na Ricardo Hausmann waliliita tatizo hili la nchi kutoweza kukopa nje kwa sarafu yake "dhambi ya asili". Jina silipendi. Dhambi ya asili mtu huzaliwa nayo. Nyingine hizi tunazifuata kwa miguu yetu, kwa sababu riba ya dola inapendeza kwenye karatasi na atakayelipa ni waziri mwingine.

Sisemi dola haramu. Bandari inayotoza dola ikope dola. Lakini bomba la maji kutoka bwawa la Mabayani linaingiza shilingi, basi lidaiwe shilingi.

Hapa lazima nijikate kidogo, maana shilingi nayo ina madhara yake. Februari hiyohiyo serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Benki inayopata hiyo bila jasho itahangaika na muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, kwa lipi? Atakopeshwa kwa riba ya juu zaidi au aambiwe aje kesho. Serikali kuu ikilivamia soko la ndani, wadogo wanabaki nje mlangoni. Ndiyo maana nauona mkopo wa Tanga kuwa wa aina nyingine: mkopaji ana mita na wateja, na kinachojengwa kinajulikana.

Sasa miji mingine itataka kuiga, na wataanza kwa kuuliza riba. Mimi kama ningekuwa na laki tano za kuweka, swali langu lingekuwa jingine: maji kiasi gani yanavuja kabla ya kufika kwenye mita, na zile ofisi za serikali zenye madeni ya maji ya miezi na miezi, zinalipa lini? Shangazi akichelewa, yeye hukatiwa.