Gari Likichemsha, Kila Mtu Fundi

Hebu fungua boneti barabarani uone kama utabaki peke yako. Mvuke haujaisha kufuka, washauri washafika. Pole hupewi. Mmoja: "Wota pampu hiyo, haisukumi maji." Mwingine: "Gasketi imekwenda," yaani ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, "andaa hela." Na kuna kijana ambaye hata baiskeli hana, yeye anavua shati ajizungushie mkononi afungue mfuniko wa rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. Wee, toa mkono! Maji ya humo yamebanwa na presha, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Legeza mfuniko uone, yanalipuka yanakuvaa usoni. Eti "mi nimezoea." Umezoea kuungua?

Ushauri haunikeri. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeuliza swali. Mgonjwa huulizwa kwanza anaumwa wapi; gari langu linatangaziwa msiba hapohapo. Niulizeni basi linachemsha saa ngapi! Linachemsha kwenye foleni. Likipata barabara ya wazi, mshale wa joto unashuka wenyewe. Gari likikimbia, upepo unaipoza rejeta bure. Likisimama, kazi ni ya feni. Na feni yangu ilikuwa imetulia tuli, inatazama injini ikiungua. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo mkali, hapo ningeshuku rejeta imeziba, na hiyo wota pampu yenu ningeisikiliza.

Huyo wa gasketi naye! Nimechomoa kijiti cha oili, oili ni oili, haijageuka maziwa. Egzosi haitoi moshi mweupe mzito. Kulanti, yale maji ya kupozea injini, haipungui, wala rejeta haitoi mapovu. Sasa gasketi ipi, shemeji?

Nikaenda kwa fundi. Feni hakuigusa hata kwa macho. Akafuta mikono, akasema, "Tutoe themostati, haina kazi." Haina kazi! Kwa hiyo waliounda injini waliiweka iwe urembo? Kile kidude huzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu, au 90 kwa baadhi ya magari, ili injini ipate moto wake upesi. Ukikitoa, injini inazubaa na ubaridi, inafakamia mafuta, na feni bado imelala. Kama unakishuku kimegoma kufunguka, gusa mipira ya rejeta kwa uangalifu injini ikishapata moto: wa juu unaunguza na wa chini baridi, hapo tuongee. Au kichemshe kwenye sufuria ukitazame kinavyofunguka. Haigharimu kitu, na nadhani ndiyo sababu fundi hakuitaja.

Nikarudi nyumbani na themostati yangu, nikafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya feni nzima. Relei je, kile kiswichi kinachoipelekea feni umeme? Pembeni ipo ya honi, sura moja, namba moja. Nikazibadilisha nafasi, nikaacha injini iungurume. Mshale ukapanda, ukapanda, roho mkononi... vuuu! Feni ikazunguka. Relei tu, kitu cha kushikika kwa vidole viwili.

Mpya sijapata bado. Kwa hiyo feni inavuma kama kawaida na honi ndiyo imekufa, na mtu akinichomekea kwenye foleni natoa kichwa dirishani nampigia "piii" kwa mdomo. Juzi mmoja akanipisha.