Kigoma Ujiji iombe fedha za barabara, lakini ianze na mitaro

Manispaa ya Kigoma Ujiji haina fedha za kujenga barabara zake yenyewe, na sioni itazitoa wapi ikiachiwa mzigo huo peke yake. Naanza na hili kwa sababu lawama za barabara mjini kwetu huzunguka bila kutua. Mkazi wa Gungu au Buzebazeba akiona mtaa wake umekatwa na maji humwendea mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti humpelekea diwani, diwani hujibu kwamba barabara hizo siku hizi ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA nao husema ukomo wa bajeti umefika. Mwisho wa safari hiyo ni ombi kwa Serikali Kuu: linajadiliwa katika Baraza la Madiwani, linafika Bodi ya Barabara ya Mkoa, kisha mbunge analisimamia Dodoma wakati wa Bunge la Bajeti. Wapo wanaoliona ombi hilo kuwa haki ya mji, na wapo wanaoliona kuwa mazoea ya kunyoosha mkono. Kila upande umeshika jambo la kweli. Tatizo ni kwamba wote wanabishana juu ya kiasi cha fedha kabla ya kukubaliana fedha hiyo ifanye kazi gani.

Wanaotetea ombi wana hoja nzito kuliko wanavyoitumia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliziweka barabara kuu na za mikoa upande wa Serikali Kuu, ambako zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na barabara za wilaya, zikiwemo za mitaa ya miji, zikabaki kwa halmashauri. Halmashauri ilikuwa na mhandisi wake, na diwani aliweza kumbana kwenye kikao. Julai 2017 kazi hiyo ikahamia TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sababu zilieleweka: wahandisi walikuwa wachache na wametawanyika, na fedha kidogo zilizokuwepo ziligawanywa vipande vipande ili kila kata ionje. Sikatai kwamba utaalamu umeongezeka tangu hapo. Lakini uamuzi nao ulihama pamoja na kazi, na vyanzo vya fedha vikafuata. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa hiyo mwenye nyumba wa kata ya Mwanga akinunua umeme analipa kodi ambayo zamani ingetegemewa kutunza mji wake, na ambayo kwa utaratibu huo ilipita kwanza mikononi mwa Serikali Kuu. Mwaka huohuo Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazohudumiwa na TARURA.

Hiyo shilingi mia ndiyo ningeiweka mbele kama ningekuwa diwani. Kijana wa bodaboda anayepeleka mgonjwa kutoka Ujiji hadi Hospitali ya Maweni anailipa sawasawa na mwenye gari la kifahari Dar es Salaam, tena juu ya bei ya mafuta iliyokwisha kupandishwa na usafiri wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani. Akidai kalavati kwenye njia yake anadai sehemu ya alicholipa. Na fedha iliongezeka kweli: bajeti ya TARURA ilipanda kutoka takribani shilingi bilioni 275 kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni 700. Ila wakala huo una mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, wakati TANROADS wana kama 36,000 na kwa miaka mingi walichukua asilimia 70 ya Mfuko wa Barabara. Barabara kuu hubeba magari mazito na kujengwa kwa gharama kubwa zaidi, kwa hiyo hakuna aliyetarajia mgawanyo wa nusu kwa nusu. Hata hivyo, ukiona greda limepita mtaani kwako mara moja halafu msimu mzima halijarudi, sababu ya kwanza iko kwenye hesabu hiyo.

Kuna na hoja ya biashara. Mizigo inayopakiwa bandarini Kigoma na mwaloni Kibirizi kwenda Burundi na Kongo ni biashara ya taifa, na mapato ya Serikali yanayotokana nayo huenda Hazina. Magari yanayoipeleka na kuitoa hupita katikati ya mji, mengine kwenye barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya magari madogo. Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Reli hiyo ikifika, mzigo utaongezeka, na kati ya stesheni na ghala bado utahitaji lori. Kumwambia mkazi wa Kigoma agharimie peke yake barabara zinazochakazwa na biashara ya nchi tatu si haki.

Sasa upande wa pili, ambao kwetu mjini hausikilizwi vya kutosha. Kwa Sensa ya 2022 Mkoa wa Kigoma una watu karibu milioni 2.5, na wanaoishi ndani ya manispaa ni kama mmoja kati ya kumi. Wengine wako Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza na Kigoma Vijijini. Wapo wanaovuka Mto Malagarasi kwa kivuko cha Ilagala, na wapo wa vijiji vya kusini kando ya Ziwa Tanganyika ambao mtumbwi ndio gari lao la wagonjwa. Barabara zao nyingine ziko chini ya TANROADS, lakini Hazina ni moja. Mtu wa Kalya, mojawapo ya vijiji hivyo vya kusini, akisikia mji unaomba lami ya mitaa ili vumbi lipungue, ana haki ya kuuliza yeye anaingia foleni namba ngapi. Sina jibu la kumridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mji ukiomba, uombe kitu ambacho hata yeye akikisikia atakiona ni cha lazima.

Hoja nyingine ya wapinzani inaniuma zaidi kwa sababu inatuhusu wenyewe. Kigoma Ujiji haijasahaulika kama tunavyopenda kusema. Ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingia katika mradi wa miji ya kimkakati uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia 2010, pamoja na Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga, Mtwara na Dodoma. Ukafuata TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji 45, na Kigoma ikawekwa kundi la kwanza. Hiyo yote ni mikopo ambayo nchi nzima inailipa, akiwemo yule wa Kalya. Miradi hiyo ilileta lami na mitaro ya zege ambayo mji haukuwahi kuwa nayo. Lakini pita leo kwenye mtaro wowote wa zege baada ya mvua uone kilichomo: mchanga, chupa, mifuko, maganda ya miwa. Mtaro ukijaa, maji hupanda barabarani, yanakula ukingo wa lami, na ndani ya misimu michache barabara iliyogharimu mamilioni inaanza kuliwa kutoka pembeni. TARURA watasema kuzoa taka ni kazi ya manispaa, manispaa itasema mtaro ni sehemu ya barabara. Kwa Hazina inayosoma maombi kutoka kila kona ya nchi, mji ulioacha mitaro yake izibe una kazi ya ziada kueleza kwa nini uongezewe barabara nyingine.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Kigoma Ujiji ina haki ya kuomba, na iombe kwa sauti. Lakini kwa ardhi yetu, kuomba kilomita za lami kwanza ni kuanzia mwisho. Mji huu umekaa kwenye miteremko inayoshuka ziwani, na sehemu kubwa ya udongo wake ni mchanga unaobebeka. Mvua huanza Oktoba au Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei. Maji yote ya juu lazima yashuke, na yakikosa njia yake huchukua barabara kuwa njia. Ndiyo maana mtaa uliochongwa na greda mwezi wa tisa unakuwa korongo mwezi wa kwanza: greda limelainisha njia ya maji. Watu wa Katubuka hawahitaji kufundishwa hili, maana bwawa lao likifurika maji huingia ndani ya nyumba. Na chini kabisa liko ziwa lenyewe, ambalo lilipanda miaka ya 2020 na 2021 kisha tena 2024, likafika kwenye nyumba na mialo. Ziwa likiwa juu, mtaro unaomwaga maji pale pale ulipomwaga zamani hukwama. Mhandisi anayechora barabara ya mji huu bila kuchora kwanza maji yanakotoka na yanakokwenda anachora kitu cha muda.

Najua mkazi wa mtaani hataki kusikia habari za mitaro. Anataka lami, na sababu zake ni za kweli: vumbi linaingia dukani, nauli ya bajaji hupanda barabara ikiharibika, mjamzito anarushwarushwa. Mwanasiasa naye anajua kwamba lami huonekana kwenye picha na kalavati halionekani. Mwaka 2021, kila jimbo nchini lilipotengewa shilingi milioni 500 za barabara, shinikizo kubwa kila mahali lilikuwa zionekane kwenye kitu cha kuzindua. Kiasi hicho kikiwekwa kwenye lami yenye mitaro ya zege hakifiki mbali. Kikiwekwa kwenye sehemu korofi, zile sehemu fupi zinazokata mtaa mzima usipitike, kinafungua mitaa mingi. Heri mitaa kumi ya changarawe inayopitika mwaka mzima kuliko mmoja wa lami na tisa iliyokatika, na nitalisema hilo hata kwa jirani yangu ambaye lami ingeishia mlangoni kwake.

Kwa madaraja tuna bahati ambayo hatuisemi. Mkoa wa Kigoma umekuwa mbele nchini katika ujenzi wa madaraja ya mawe ya upinde, kazi iliyofanywa na TARURA kwa ushirikiano na Ubelgiji, na baadaye wakala ukaipeleka mikoa mingine. Upinde wa mawe husimama kwa mawe kubanana, kwa hiyo hauhitaji nondo, ambazo hapa kwetu hufika kwa bei ya safari ndefu. Mawe yanapasuliwa jirani, fundi wa hapahapa anajifunza na kuondoka na ujuzi, na gharama hushuka sana ukilinganisha na daraja la zege la ukubwa uleule. Daraja la mawe halifai kila mahali. Panapohitajika upana mkubwa, au penye udongo laini kama bonde la Luiche linapokaribia ziwa, lazima mhandisi apime kwanza na huenda zege likawa jibu pekee. Lakini kwa vijito na makorongo yanayokata kata zetu, ningependa kuona ombi linaloiambia Dodoma hivi: tupeni fedha za madaraja kadhaa ya mawe badala ya moja kubwa, na mafundi tunao. Ombi la namna hiyo ni gumu kukataliwa, kwa sababu limeshafikiria gharama upande wa anayetoa.

Siungi mkono sana njia ya mkato inayopendwa kwenye vikao, ya kuomba barabara za mji zipandishwe hadhi ziende TANROADS. Kwa barabara inayobeba malori ya bandari inaweza kuwa sahihi. Kwa nyingine ni kuhamisha foleni tu, na mji unapoteza hata ile sauti ndogo uliyobaki nayo.

Sauti hiyo ingeongezeka kama watu wangejua kinachoombwa. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani za kujaribu mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo na jambo likaishia njiani, lakini hakuna sheria inayoizuia manispaa na TARURA kubandika kwenye ofisi za kata orodha ya barabara zilizoombewa fedha, zilivyopangwa kwa umuhimu, na zilizopata. Mkazi wa kata ya Kagera au Businde akiona mtaa wake ni wa kumi na nne na akaona sababu, atanung'unika, lakini atakuwa na kitu cha kumuuliza diwani mwakani.

Limebaki suala la wakati, ambalo kwangu ni zito kama kiasi chenyewe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai. Zabuni zikitangazwa baada ya hapo, tathmini na mikataba hula miezi, na mkandarasi anafika eneo la kazi mvua zikiwa zimeanza. Anachimba msingi wa kalavati kwenye tope, anasimama, anaomba kuongezewa muda, na kazi ya kiangazi inafanywa masika kwa gharama kubwa na ubora mdogo. Kigoma ina miezi minne mikavu, Juni hadi Septemba. Kwa hiyo pamoja na fedha, manispaa na mbunge waombe kibali cha kukamilisha michoro na zabuni kabla ya Julai, mkataba usainiwe bajeti inapoanza kutumika, na fedha ya awali itoke Julai yenyewe. Manispaa kwa upande wake itenge kwenye mapato yake ya ndani fedha ya kuzibua mitaro mwezi wa tisa, kata kwa kata, na kiasi hicho kiandikwe ndani ya barua hiyohiyo ya maombi.