Lawama walizotwishwa watengenezaji wa Linux kuhusu fsync

Tangu wasanidi wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walipobaini mwaka 2018 kwamba mfumo endeshi wa Linux unaweza kupoteza data iliyoshindwa kuandikwa diskini na bado ukajibu kuwa kazi imekamilika, wengi wameshikilia kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, ilidanganya na hifadhidata ikaponzwa na imani yake. Lawama hiyo haikuzuka bure, ila waliotwishwa hawajasikilizwa vya kutosha.

Programu inapoandika kwenye faili, data hukaa kwanza katika kumbukumbu, na kwa mipangilio ya kawaida inaweza kungoja sekunde 30 kabla kerneli haijaanza kuipeleka diskini. Anayetaka uhakika huita fsync, mwito unaoitaka kerneli iiandike data hiyo diskini na kujibu kama imefaulu. Diski ikikataa, mifumo mikuu ya faili ya Linux huuhesabu ukurasa uliokwama, yaani kipande cha data kilicho kwenye kumbukumbu, kana kwamba umeshaandikwa, na kosa huwekewa alama inayofutika likisharipotiwa. PostgreSQL, ikidhani ukurasa ungali unasubiri, ilikuwa ikiita fsync tena. Mwito wa pili ulijibiwa kuwa mambo shwari, maana hapakuwa tena na cha kuandika, na hapo hifadhidata ikajiona huru kufuta sehemu ya logi yake ya mabadiliko, ambayo ndiyo ingeweza kuirejesha data ile.

Kwamba kosa liliripotiwa vibaya ni kweli. Kabla ya toleo 4.13 la Linux la mwaka 2017, taarifa yake ingeweza kumezwa na programu nyingine kabisa iliyotangulia kuita fsync kwenye faili hilo hilo, na jambo hilo sioni namna ya kulitetea.

Dai la kwamba kerneli ingepaswa kuushikilia ukurasa hadi diski ipone ni jambo jingine. Mtu akichomoa flashi katikati ya kunakili faili kubwa na kwenda nayo, kurasa zake zitamngoja nani? Linux huweka kikomo: kwa kawaida, kurasa zinazosubiri kuandikwa zikifikia asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana, programu zinazoandika huzuiwa mpaka kurasa hizo zipungue. Kurasa za flashi iliyoondoka zingekula sehemu ya kikomo hicho bila matumaini ya kutoka, na seva yenye diski nzima kabisa ingeweza kukwama kwa ajili ya kifaa ambacho hakipo tena. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine unaosifiwa kwa kuzibakiza kurasa zilizoshindwa, nao huzitupa kifaa kikitoweka. Hata POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo endeshi ya aina hii, husema tu kwamba fsync ikishindwa, hakuna hakikisho kuwa uandishi uliokuwa ukisubiri umekamilika. Hakiahidi popote kwamba mwito wa pili utaanzia pale wa kwanza ulipokwama.

Anayejua thamani ya data, na mwenye nakala yake, ni hifadhidata yenyewe. PostgreSQL ililikubali hilo kwa vitendo: kuanzia toleo 11.2 la Februari 2019, fsync ya faili za data ikishindwa hujizima na kujijenga upya kutoka kwenye logi, na kujaribu tena kumebaki kuwa hiari ya msimamizi kupitia mpangilio wa data_sync_retry, ambao kwa kawaida umezimwa.

Gharama ipo, na wanaolalamika wana haki ya kuitaja. Hifadhi ya mtandaoni iliyojaa kwa dakika chache, kisha ikaongezwa nafasi, sasa inaweza kuangusha hifadhidata nzima kwa kosa ambalo kungoja kidogo kungelitatua.

Kwa programu zisizo na logi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kuita fsync tena hakutoshi: lazima ziwe bado na data mkononi na ziiandike upya. Nyingi hazifiki hata hapo. Amri ya kunakili faili, cp, kwa mfano, kwa kawaida haiiti fsync kabisa, na diski ikikataa wakati cp imeshamaliza na kutoka, hakuna programu iliyobaki ya kuambiwa.